Sanduku Lisilofunguliwa

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Vitu navyo vina ngama zao. Vipo vinavyoizunguka dunia, vikapita katika mikono ya watu wasiojuana kwa lugha wala kwa sura, hatimaye vikatua mahali ambapo ni mtu mmoja tu awezaye kuvisoma. Soko la Kipkelion, katika Kaunti ya Kericho, ni mojawapo ya mahali pa namna hiyo. Siku ya soko, kando ya viazi, kabeji, ndizi na mahindi, mitumba humwagwa juu ya maturubai: makoti ya watu wa nchi za baridi, viatu vilivyokwisha soli upande mmoja, na marobota ya vitu vya watoto ambavyo hata mchuuzi mwenyewe hajui majina yake. Humo hupatikana wanasesere wasio na macho, magari yasiyo na magurudumu na michezo ya karata iliyopungukiwa na karata.

Ni katika fungu kama hilo ambapo mwalimu mmoja mstaafu, aliyekaribia umri wa miaka themanini, aliona kisanduku chembamba cha karatasi ngumu. Rangi yake ilikuwa imefifia na pembe moja ilikuwa imeliwa na panya. Juu yake palichorwa ndege ya kivita ikipinda angani, na chini ya picha mlikuwa na jina Airfix. Aliutikisa mzigo huo sikioni kama mtu anayepima yai. Vipande viligongana ndani kwa sauti kavu.

"Mama, hiki ni nini?" aliuliza, ingawa alikuwa anajua.

"Hiyo ni ya watoto, Mwalimu. Nipe mia mbili tu."

"Mia mbili kwa kitu kilichovunjika vipande vipande?"

"Hakikuvunjika, Mwalimu. Kilikuja hivyo hivyo, kimefungwa na nailoni yake. Tazama mwenyewe."

Wakavutana kwa heshima, kama ilivyo desturi ya soko, wakakutana katika mia moja na ishirini. Mama yule alikitia kisanduku katika mfuko pamoja na kabeji, na Mwalimu akashika njia ya kwenda nyumbani. Hakumweleza kwamba alikuwa amekisubiri kitu hicho kwa zaidi ya miaka sitini.

Ili msomaji aelewe subira hiyo, ni vyema kwanza akijue kitu chenyewe. Ndani ya visanduku vya aina hii hamna mwanasesere aliyekamilika. Mna vipande vya plastiki iitwayo polistireni, ambavyo mnunuzi huviunganisha kwa gundi mpaka apate mfano mdogo wa ndege, meli, gari au treni. Kiwandani, plastiki huyeyushwa ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Vijia vilivyoipitisha plastiki hiyo navyo huganda, vikawa fremu nyembamba inayovishikilia vipande vyote. Kila kipande hupewa nambari, na karatasi ya maelekezo humwonyesha mnunuzi nambari ipi itangulie na ipi ifuate. Hata gundi yake ina siri: haishikamanishi vipande kama ugali unavyoshika kidole, bali huyeyusha kidogo uso wa kila kimoja, plastiki mbili zikachanganyika, na gundi ikishakauka vipande viwili huwa kimoja. Asiyejua hilo hutia gundi nyingi, na ndege yake huyeyuka mabawa.

Kampuni ya Airfix ilianzishwa Uingereza mwaka 1939 na Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria. Haikuanza na ndege. Ilitengeneza vitu vya kuchezea vilivyojazwa hewa, na baada ya vita ikatengeneza vitana vya mfukoni kwa wingi. Mwaka 1949 kampuni ya matrekta ya Ferguson iliiomba itengeneze trekta dogo la plastiki ambalo wauzaji wake wangetembea nalo kuwaonyesha wateja. Kuyaunganisha matrekta hayo kiwandani kulikuwa na gharama, basi baadaye yakauzwa madukani yakiwa vipande, na mnunuzi akaachiwa kazi ya kuyaunganisha. Mwaka 1952 ikafuata meli ya Golden Hind, iliyouzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili. Baadaye ndege ya Spitfire ikatoka. Kipimo kilichokuja kuwa maarufu zaidi katika ndege ni cha 1 kwa 72: Spitfire ya kweli, yenye mabawa ya mita 11 na zaidi kidogo, hupunguzwa ikawa na mabawa ya sentimita 15 na nusu, na ikatulia juu ya kiganja cha mtoto.

Shilingi ya Afrika Mashariki katika miaka hiyo ilikuwa na thamani sawa na shilingi ya Uingereza. Shilingi mbili ni shilingi mbili, basi, kule London na huku Lumbwa, kama stesheni ya Kipkelion ilivyoitwa tangu reli ilipopita hapo ikielekea ziwani, ambako ilifika mwaka 1901. Hata hivyo, shilingi mbili za mtoto wa mlowezi na shilingi mbili za mtoto wa mkamuaji wa ng'ombe wake hazikuwahi kuwa na uzito mmoja. Mwalimu aliijifunza hesabu hiyo kabla ya kuingia darasa la kwanza. Baba yake alikamua ng'ombe katika shamba la mlowezi, na asubuhi nyingine mtoto alitumwa kupeleka maziwa ya nyumbani hadi mlango wa jikoni. Njiani alipita chini ya dirisha la chumba cha mtoto wa bwana. Humo ndani, ndege tatu zilining'inizwa darini kwa uzi. Upepo ulipoingia ziligeuka polepole, mabawa yakashika jua.

Hakuna aliyemtesa wala kumkaripia pale dirishani. Uchungu wake haukuwa na mkosaji wa kutajwa. Alichokiona ni kwamba kulikuwa na dunia ambamo mtoto hupewa vipande, maelekezo na gundi, akaambiwa aunde. Na kulikuwa na dunia nyingine ambamo mtoto hapewi chochote, naye huunda vilevile.

Kwa maana aliunda. Vijana wa mitaa hiyo walikuwa mafundi wa magari ya waya, kama walivyokuwa wenzao kote nchini, na sanaa yao inastahili kuelezwa kwa makini uleule unaopewa viwanda vya Ulaya. Waya mnene ndio uliokuwa chesisi. Waya mwembamba ulizungushwa penye viungo ukafungwa kwa meno au kwa koleo la kuazima, kwa sababu gundi haikuwapo. Magurudumu yalikatwa katika soli za kandambili zilizokwisha, au yakawa vizibo vya chupa na vifuniko vya makopo. Usukani ulikuwa waya mrefu, au ufito, uliopanda kutoka ekseli ya mbele hadi kifuani mwa dereva, naye akakimbia nyuma ya gari lake akinguruma kwa mdomo. Fundi hakuwa na karatasi ya maelekezo. Alikuwa na macho. Alisimama kando ya barabara gari likipita, akakariri umbo lake, kisha akalirudia nyuma ya jikoni la mama yake.

Gari ambalo Mwalimu alilipenda kuliko yote halikuwa gari. Lilikuwa trekta, Ferguson dogo la kijivu lililokuwa likilima shambani mwa mlowezi. Aliliunda kwa waya wa ua uliokatika, akalitia magurudumu makubwa nyuma na madogo mbele. Siku ya tatu lilikanyagwa na ng'ombe. Hakujua, na hakukuwa na njia ya kujua, kwamba trekta hilohilo ndilo lililotangulia vifaa vyote vya plastiki vya kampuni ile. Kwamba mtoto wa Kipkelion na kiwanda cha Uingereza walikuwa wameangalia chombo kimoja katika mwongo mmoja na kutamani kukipunguza kikae mkononi. Tofauti ni kwamba lile la kiwandani limehifadhiwa na wakusanyaji hadi leo, na lile la waya lilirudi kuwa waya.

Miaka ikapita. Bendera zikabadilishwa mwaka 1963, mashamba yakagawanywa, na mtoto yule akawa mwalimu wa shule ya msingi. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ukiwa na somo la sanaa na kazi za mikono, wenzake waliokuwa wamesomea hesabu na Kiingereza walilikimbia somo hilo, yeye akalipokea kwa mikono miwili. Watoto wake walileta vikapu, mikeka, vyungu na magari ya waya. Somo lilipokuja kuondolewa miongoni mwa yale yanayotahiniwa, magari yakaacha kuletwa. Wazazi walisema mtoto asipoteze wakati. Ndipo Mwalimu naye akastaafu.

Basi kisanduku kilipowekwa mezani nyumbani kwake, hakikuwa mchezo tu. Ilikuwa zamu yake iliyochelewa. Aliinua kifuniko. Mfuko wa nailoni haukuwa umetobolewa, na ndani yake vipande vyote vilikuwa bado vimeshikwa na fremu yao. Karatasi ya nembo za kubandika ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na gundi katika kijibomba chake ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Kwa takriban miaka hamsini, hakuna aliyekuwa ameiunda ndege hiyo. Mtoto fulani wa mbali alinunuliwa zawadi akaisahau, au alikua kabla ya kuifungua.

Binti yake, anayefanya kazi Nairobi, alipoonyeshwa picha kwa simu, alitafuta habari katika mtandao kisha akapiga simu usiku uleule.

"Baba, tafadhali usiifungue," alisema. "Watu hununua vitu hivi vikiwa havijafunguliwa. Ukikata kipande kimoja tu, bei inaanguka."

Binti alisema kweli. Zipo nchi ambako kukusanya visanduku vya zamani ni shughuli kubwa. Mjini Telford, Uingereza, kila mwezi wa Novemba hufanyika maonyesho makubwa ya waunda modeli, na pembeni mwa meza za ndege zilizokamilika hupangwa meza za wachuuzi wa visanduku vikuukuu. Wazee kwa vijana huinama juu ya marundo hayo kwa umakini wa mtu anayechagua mbegu. Huulizana: picha ya juu ni ya mchoraji Roy Cross, aliyeanza kuichorea kampuni hiyo mwaka 1964? Mfuko wa ndani umefunguliwa? Karatasi ya maelekezo ipo? Kadiri kitu kilivyokaa bila kuguswa ndivyo bei yake inavyopanda. Kilichoundwa, hata kikiundwa kwa ustadi, mara nyingi hupungua thamani mbele ya mkusanyaji wa aina hiyo. Ni soko la ajabu, ambamo mbegu hulipiwa zaidi kwa sababu haikupandwa.

Lakini haifai kuwacheka wakusanyaji. Wengi wao wanatafuta kilekile alichokitafuta Mwalimu, yaani asubuhi moja ya utotoni. Tena bila wao, historia ya vitu vidogo ingepotea, kama ilivyopotea historia ya magari ya waya ambayo hakuna aliyeona haja ya kuyaweka. Kuhifadhi ni wema. Swali lililomkosesha Mwalimu usingizi lilikuwa jingine: kitu kilichotengenezwa ili kiundwe, kikihifadhiwa bila kuundwa, ni nini hasa kilichohifadhiwa?

Nchi anayokaa Mwalimu inalo jibu lake la kale kuhusu vipande. Upande wa magharibi wa Kipkelion, kwenye reli ileile, kuna Fort Ternan. Hapo, mwaka 1961, katika shamba la mlowezi aitwaye Fred Wicker, timu ya mtaalamu Louis Leakey ilifukua vipande vya taya na meno ya kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita. Vipande hivyo havikuja na nambari wala karatasi ya maelekezo. Ilibidi mtu akae navyo, avigeuze, avisogeze, aone kipi kinapokea kipi. Baada ya kulinganishwa ndipo kiumbe huyo alipopewa jina, mwaka 1962: Kenyapithecus wickeri, sehemu moja ya nchi, na sehemu moja ya mwenye shamba. Mwalimu alikuwa akilieleza jina hilo darasani kila mwaka, na kila mwaka aliongeza maneno yaleyale: anayeunganisha ndiye anayetaja.

Jumamosi iliyofuata, mjukuu wake wa kiume wa miaka kumi na mmoja alikuja pamoja na dada yake mdogo. Waliliona sanduku.

"Babu, hii ni ya kuangalia ama ya kutengeneza?" mvulana akauliza.

Mwalimu alimtazama kwa muda. Kisha akaenda kuleta wembe.

Kazi ilipoanza, tatizo la kwanza halikuwa gundi, kwa kuwa gundi ya haraka ilipatikana dukani, ingawa hiyo hushika tu bila kuyeyusha. Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na lugha kadhaa za Ulaya, na hakuna hata moja ambayo msichana wa miaka saba angeweza kuifuata. Mwalimu alichukua daftari, akaanza kuandika hatua kwa Kiswahili. Bawa, mkia, gurudumu na rubani vilikuja bila kuitwa. Panga la mbele lilikubali kuitwa panga, kama panga la feni. Mahali ambapo kichomo cha kipande kimoja huingia katika tundu la kingine, alitumia maneno ya maseremala aliowahi kufanya kazi nao: ulimi na tundu lake. Kioo cha rubani kikawa kifuniko. Kwa namna hiyo alifika hatua ya nne bila kufungua kamusi.

Hapa wapenzi wa Kiswahili watakumbuka mjadala wao wa siku nyingi. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotolewa mwaka 1981, na hata kabla yake, wataalamu wamefanya kazi kubwa ya kuipa lugha istilahi za mambo mapya. Baadhi ya istilahi hizo zimeundwa vizuri, zina mantiki na zimepangwa kwa alfabeti, ila zimebaki katika mfuko wao wa nailoni. Ngamizi na tarakilishi zilipendekezwa kwa chombo kilekile. Tarakilishi ikapata makao katika madarasa ya Kenya, na mitaani kompyuta ikaendelea kutamba. Sababu ya tofauti hiyo haipatikani katika uundaji wa maneno peke yake. Inapatikana katika kazi. Neno linalotamkwa na mtu mwenye wembe mkononi, anayemhitaji mwenzake ashike upande wa pili, huwa limekwisha kupita mtihani wake.

Gurudumu moja la ndege halikuwamo. Labda lilidondoka kiwandani, labda liliachwa katika kalibu. Mkusanyaji angesikitika. Mvulana alitaka kuiacha ndege iegemee ubavu mmoja, lakini Mwalimu alimtuma nyuma ya nyumba atafute kandambili iliyokwisha. Akakata duara dogo la mpira, akalitoboa kwa sindano iliyopashwa moto, akapitisha waya mwembamba na kuufunga kwa mizunguko miwili, namna ambayo vidole vyake havikuwa vimeifanya kwa miaka mingi. Gurudumu lilikuwa la bluu na kubwa kidogo kuliko la kulia. Ndege ikasimama.

Binti aliyeko Nairobi alipoletewa picha ya pili, alinyamaza kwanza. Kisha akaandika kwamba bawa la kushoto limepinda, na kuuliza kama watoto wamekula.

Ilibaki hatua moja ambayo Mwalimu hakuwa ameiandika, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza: kutenganisha kipande na ile fremu inayokishikilia. Alikuwa amejaribu "kata", akaona ni neno la fujo. Akajaribu "ng'oa", akaona ni la meno mabovu. Mahali pake katika daftari palikuwa wazi. Msichana, ambaye mama yake mzazi huchuma majanichai na ambaye likizo zake huzimalizia miongoni mwa michai, hakuwa na habari ya shida hiyo. Alikuwa ameinyanyua fremu iliyobaki mbele ya macho, akikitafuta kipande cha mwisho.

"Babu, hiki nikichume mimi?" aliuliza.

Mwalimu alichukua kalamu, akarudi juu ya ukurasa, na kuandika: Kwanza, chuma kipande nambari 1 na nambari 2. Usivute, bana kwa vidole viwili.